Nikiziba masikio, nani atasikiliza pumzi yake?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mtumishi wa serikali, na ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Nilihamia huku kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, ofisi yetu ilipohamishwa, na kwa kuwa ofisi sasa ipo Mtumba ninalazimika kuamka saa kumi na nusu alfajiri ili niwaandae watoto na kuwahi usafiri. Mume wangu ni mwenyeji wa Mvumi, ana miaka 46, na anaendesha semi la mizigo kwenda Kahama na mara nyingine Rusumo. Kwa wiki hulala nyumbani siku mbili au tatu.

Najua wapo watakaocheka wakisoma barua hii, kwa sababu tatizo lenyewe ni kukoroma. Mume wangu amekoroma tangu tulipooana, lakini zamani ulikuwa mkoromo wa mtu aliyechoka, ambaye ukimgeuza upande wa pili ananyamaza. Katika miaka hii mitatu, tangu alipoanza kunenepa, mambo yamekuwa mengine. Sauti inapanda, inapanda, halafu inakatika ghafla na chumba chote kinakuwa kimya. Mimi hapo ninaanza kuhesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na kuna usiku nimefika ishirini kabla hajashtuka kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akakohoa kidogo na kuanza upya. Mama mkwe alipokuja kututembelea alilisikia jambo hilo akiwa chumba cha pili. Asubuhi aliniambia kuwa mwanawe amejaliwa usingizi mzito, ila mimi nisilale sana, nikisikia amenyamaza nimtikise. Tangu siku hiyo nimekuwa mlinzi wa usiku.

Mwezi wa tatu, tukiwa katika maandalizi ya bajeti, nilikosea jedwali zima kwa kuongeza sifuri mahali pasipostahili, na mkuu wangu aliniuliza mbele ya wenzangu kama ninaumwa. Mwenzangu mmoja ndiye aliyenishauri nitafute vizibo vya masikio. Nilivipata katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Majengo, vile vya sponji vya rangi ya njano ambavyo mafundi huvaa wanapokata vyuma. Mama, usiku wa kwanza nililala mpaka simu ilipotetemeka chini ya mto. Niliamka nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimesahau usingizi unafananaje.

Nikawa navivaa kwa siri kila anapokuwa nyumbani, na asubuhi navificha ndani ya foronya. Mwezi uliopita yakatokea mambo mawili katika wiki moja. Kwanza, mtoto wetu mdogo, mwenye miaka minne, alipata homa usiku akaniita mara nyingi nisisikie, hadi binti yule akaamka na kunigongea mlango. Pili, mume wangu alipokuwa akitafuta chaja yake kitandani, aliviona. Hakupiga kelele. Alivishika kiganjani akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye kelele ya nyumba hii?" Tangu hapo akija nyumbani analala kwenye kochi sebuleni, na watoto wameanza kuuliza.

Lipo jambo jingine ambalo yeye hajui kuwa ninalijua. Utingo wake, kijana ambaye ni kama mdogo wangu, alinipigia simu akasema walipokuwa wakitoka Manyoni, maeneo ya Kintinku, mzee alisinzia na gari likatoka kwenye lami likaingia mchangani. Ilikuwa saa nne asubuhi, wala si usiku. Alimwambia utingo kuwa ni upepo. Nilipojaribu kumshauri kwa upole aende hospitali kwa ajili ya mkoromo, alisema mwajiri akisikia dereva ana ugonjwa wa usingizi atampa gari mtu mwingine kesho yake.

Sasa niko njia panda. Nikivaa vizibo ninalala, lakini ninaona kama nimemwacha afe peke yake ubavuni mwangu. Nikivivua ninakuwa mzima kwake na mgonjwa kazini. Ninapokuwa peke yangu pia silali vizuri, sijui kwa nini, labda nimeshazoea kukesha. Je, niendelee kuvivaa? Nimrekodi kwa siri ili asikie mwenyewe? Nimweleze mwajiri wake? Au tukubali tu kila mtu alale chumba chake, ingawa kwetu hilo ni sawa na kutangaza kuwa ndoa imefika mwisho?

Mama wa Wawili, Nkuhungu.

*

Marahaba, mwanangu, na mbukwa kwako na kwa nyumba yako yote.

Sikucheka. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma usiku, saa ambazo najua wewe ulikuwa macho. Umeniuliza maswali manne, na yote nitayagusa, lakini naomba kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo umeyafunga kwa kamba moja. Liko jambo la usingizi wako, na liko jambo la pumzi ya mume wako. Vizibo vya masikio ni jibu la haki kabisa kwa jambo la kwanza, ila kwa hilo la pili havisaidii wala havidhuru. Unaona hatia kwa sababu unaviomba vibebe yote mawili.

Turudi kwenye kauli ya mama mkwe, ambaye sina shaka alisema kwa mapenzi. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa anayekoroma amelala fofofo. Kwa kweli mkoromo ni sauti ya hewa inayopita kwa shida. Mtu anapolala, misuli ya koo na ya ulimi hulegea, njia ya hewa ikawa nyembamba, na nyama laini za nyuma ya kinywa, pamoja na kile kilimi kinachoning'inia, zikatikiswa na hewa kama turubai la lori lisilofungwa vizuri. Akilala chali, ulimi hurudi nyuma na hali huwa mbaya zaidi. Unene unaoongezeka shingoni huibana njia hiyo kutoka nje, pombe na dawa za usingizi huilegeza kutoka ndani, na pua iliyoziba humlazimisha mtu kuvuta hewa kwa nguvu. Hapa Dodoma, kuanzia mwezi wa sita, upepo na vumbi vinapoanza, sijui ni nyumba ngapi zina watu ambao pua zao zimefunguka vizuri.

Mkoromo wa namna hiyo ni kero tu. Lakini huo unaopanda, ukakatika kwa hesabu ya ishirini, kisha mtu akashtuka kama aliyetoka majini, madaktari hauwachekeshi. Pumzi ikikatika usingizini kwa sekunde 10 au zaidi, wao huihesabu kuwa ni tukio, na mtu mzima akiwa na matukio zaidi ya 30 kwa saa husema hali yake ni kali. Kila mara njia inapoziba, oksijeni hushuka, ubongo hupiga king'ora, mwili huamka kwa nukta chache bila mwenyewe kukumbuka chochote, na usingizi unaanza tena kutoka ngazi ya chini. Mtu wa hivyo anaweza kukaa kitandani saa nane na akaamka amechoka, kichwa kinamuuma, na saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, akasinzia maeneo ya Kintinku. Kwa miaka mingi, hali hiyo ikiachwa hupandisha shinikizo la damu na kuuchosha moyo. Siwezi kumpima mume wako kwa barua, na huenda ana jambo jingine, lakini uliyoyaandika yanatosha kumfanya mtu aliyesomea apende kumwona.

Sasa nikuulize kuhusu ulinzi wako. Umeamini kwamba ukimtikisa ndipo anaporudi. Hebu kumbuka ule usiku uliofika ishirini: ni wewe uliyemrudisha, au alishtuka mwenyewe? Kwa maelezo yako alishtuka mwenyewe, na ndivyo ilivyo kwa kawaida, kwa kuwa ubongo wake ndio unaofanya kazi hiyo, na huifanya hata akiwa amelala ndani ya semi Kahama ambako haupo. Kumgeuza ubavu kunaweza kumsaidia kwa dakika kadhaa. Kumtikisa usiku kucha hakutibu kitu, na kunawanyima usingizi wawili badala ya mmoja. Sisemi hali yake ni nyepesi. Nasema mama mkwe alikukabidhi kazi ambayo hakuna mtu aliye macho, hata kwa mapenzi makubwa namna gani, anayeweza kuifanya kila usiku kisha akaamka saa kumi na nusu.

Ndiyo maana vile vitu vidogo vya njano havinisumbui. Yaelekea vinakusumbua kwa sababu ya namna vilivyoingia nyumbani, kwa siri, na kwa sababu ya usiku ule wa homa. Tuanze na homa, kwa kuwa hiyo ina njia rahisi zaidi. Kwenye pakiti pameandikwa kiwango cha desibeli, na vile vyenye nguvu zaidi hufika kwenye 33 hivi, lakini hiyo ni hesabu ya maabara. Sikioni mwa mtu wa kawaida kinga hupungua, mara nyingi hata kwa nusu, hasa kama havikuvaliwa ipasavyo. Mkoromo una sauti nzito, na sauti nzito hupenya kuliko nyembamba. Kwa hiyo usishangae kama bado unausikia kwa mbali huku sauti nyembamba ya mtoto nyuma ya mlango uliofungwa ikipotea. Wapo wanaovaa sikio moja tu na kulilaza lile jingine kwenye mto, wapo wanaochagua vyenye kinga ndogo, na wapo wanaoacha mlango wazi na kupeana zamu. Umesema binti yule ndiye aliyeamka. Nami naomba nimsemee: naye ana mwili, naye huamka mapema, na kama mnataka awe sikio la usiku basi aambiwe, aridhie, na apumzike mchana, isije ikawa mmelihamisha tatizo kutoka chumba chenu kwenda chake.

Kuhusu uvaaji, sitapita haraka kwa sababu umenunua vya mafundi na fundi huvaa kwa dakika chache, wewe unavaa usiku mzima. Nawa mikono kwanza. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, peleka mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole kama nusu dakika hadi sponji ifumuke na kujaa. Kisizame chote, pabaki mahali pa kukamata, na asubuhi kitoe polepole kwa kukizungusha. Vya sponji havifuliwi vikarudi kuwa vipya, kwa hiyo vikianza kuwa vigumu au vichafu vitupe. Foronya si mahali pake, vitafutie kikopo safi. Ukihisi maumivu, ukitokwa usaha, au kama uliwahi kuambiwa ngoma ya sikio imetoboka, viache kwanza mpaka uonwe. Nta ya sikio nayo inaweza kusukumwa ndani na kujazana, na hapo mtu hujikuta hasikii vizuri hata mchana. Pamba ya kawaida haizuii kelele kwa kiasi cha maana, na nyuzi zake hubaki ndani, kwa hiyo usirudi huko siku vizibo vikiisha.

Jambo la siri ni gumu zaidi. Mume wako alivishika kiganjani akauliza kama yeye ndiye kelele ya nyumba. Umelisoma swali hilo kama hasira, na huenda ilikuwamo, lakini mimi nililisikia kama swali la mwanamume aliyeona aibu kwa jambo ambalo halijui, kwa maana hakuna binadamu anayeusikia mkoromo wake mwenyewe akaweza kuuthibitisha. Ushahidi wote uko kwako. Wewe umekaa na ushahidi huo miaka mitatu, na siku ulipotoka ulitoka kwa sura ya vitu vilivyofichwa. Unaweza kumwambia, kama itasaidia, kwamba si wewe uliyebuni dharau hiyo. Mwaka 1907 huko Berlin mfamasia mmoja, Max Negwer, alianzisha kiwanda cha vizibo vya nta na pamba kwa ajili ya watu waliotaka utulivu, na tangu hapo vimelala kwenye masikio ya wanandoa wengi wanaopendana. Lakini nadhani historia haitamgusa kama kitakavyomgusa kisa cha sifuri ile ya bajeti. Je, aliwahi kuambiwa? Katika barua yako yote sikuona mahali alipoelezwa gharama uliyoilipa wewe. Nimeona tu akishauriwa aende hospitali kwa sababu ya mkoromo wake.

Nije kwenye rekodi. Sauti iliyorekodiwa ina faida kubwa, kwa sababu daktari akiisikia pumzi inavyokatika ataelewa haraka kuliko kwa maelezo, na mume wako mwenyewe anaweza kushtuka kwa namna ambayo maneno yako hayawezi. Hatari yake ni kwamba umeshamshtua mara moja kwa kitu cha siri. Rekodi ya siri inaweza kuwa kizibo cha pili. Wapo wanandoa walioomba ruhusa wazi, kwamba "naomba usiku mmoja niweke simu mezani, asubuhi tusikilize wote," na kama angekataa ombi kama hilo, basi hata hilo lingekuwa mazungumzo. Wewe unamjua zaidi yangu. Kuna watu wanaokubali ukweli wakiuona tu, na kuna wanaoukubali wakiombwa.

Kulala vyumba tofauti, kwa maoni yangu, kunabebeshwa mzigo kuliko kunavyostahili. Bibi zetu wengi walilala na wajukuu na babu akalala kwake, na hakuna aliyeitisha kikao cha ukoo. Kinachoumiza nyumbani kwenu ni kwamba kochi lilichaguliwa kwa kimya. Kochi la hasira na chumba cha makubaliano ni vitu viwili, hata kama umbali wa mwili ni uleule. Hata hivyo nina wasiwasi mmoja. Mkitengana vyumba, wewe utalala, nyumba itatulia, na pumzi ile itaendelea kukatika bila shahidi. Raha ya kimya inaweza kuwafanya msahau kwa nini mlikitafuta. Kama mtachagua njia hiyo, hata kwa miezi michache, iambatane na tarehe ya kumwona daktari.

Kuhusu mwajiri, mwanangu, sitakuamulia, na ningemshangaa mtu anayekuamulia kwa wepesi. Ukimwendea nyuma ya mgongo wa mume wako, huenda ukaokoa maisha na huenda ukavunja riziki na imani kwa siku moja, na utingo wako huyo, aliyejitolea kukupigia, anaweza kuwa wa kwanza kufukuzwa. Ukinyamaza kabisa, barabara ile ina mabasi, ina bodaboda, ina watoto wanaotembea pembeni kwenda shule Bahi. Kati ya hizo mbili kuna njia ndefu ambayo hamjaianza: mume wako kuambiwa na wewe kuwa unajua habari ya Kintinku. Najua itakuwa vigumu bila kumtaja kijana, basi zungumza naye kijana kwanza, pengine atakuwa tayari kusema mwenyewe. Mume wako anaogopa kwamba jina la ugonjwa litamnyang'anya usukani. Aelezwe kuwa hali hii ina matibabu, na kwamba dereva aliyetibiwa hurudi kuwa macho. Anayetisha mwajiri yeyote mwenye akili ni yule anayesinzia asubuhi kweupe na kusingizia upepo. Ikifika siku ukamwona anasinzia mezani na saa moja baadaye anachukua funguo za semi, swali hili litakuwa limepata uzito mwingine, na siku hiyo sitakulaumu kwa kumweleza mtu.

Hospitali yenyewe haihitaji kuanza kwa jina kubwa. Dereva anayekataa kwenda kwa ajili ya usingizi mara nyingi hakatai kupima presha, na presha hupimwa hata kwenye zahanati. Jambo jingine unaloweza kulifanya nyumbani bila kumkera ni kuangalia kola ya shati lake, au kumwomba fundi cherehani anayemshonea akutajie kipimo cha shingo. Kwa mwanamume, shingo inayozidi inchi 17, yaani kama sentimita 43, ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huziangalia. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo, na ninyi mna hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini na Benjamin Mkapa iko jirani. Kwa kuwa wewe ni mtumishi wa umma, mwenzi wako yumo kwenye bima yako, ila ulizeni mapema ni vipimo gani na vifaa gani vinalipiwa, msije mkavunjwa moyo dirishani. Kipimo chenyewe hufanyika mtu akiwa amelala, ambapo pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni huandikwa usiku kucha. Ikibainika kuwa hali ni ya wastani au kali, tiba inayotumika sana ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Ilibuniwa na daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni huwakera wengi kabla hawajaizoea. Inahitaji umeme, jambo ambalo kwa mtu anayelala ndani ya lori lazima lizungumzwe na daktari mapema, kwani zipo zinazoweza kutumia betri.

Wakati mnajipanga, yako madogo ya kujaribu, nami nayataja kwa tahadhari ili yasigeuke sababu ya kuahirisha. Kulala ubavu husaidia baadhi ya watu. Kuna wanaoshona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo ili mtu akigeuka chali usumbufu umrudishe. Bia au mvinyo wetu wa zabibu anaokunywa kupumzika akitoka safari, kama anakunywa, ukisogezwa mbali na saa ya kulala huenda ukaona tofauti usiku uleule. Kupunguza uzito husaidia sana, ingawa kwa mtu anayekula chipsi na nyama choma vituoni si neno la kumwambia kwa mkato. Pua iliyojaa vumbi inaweza kuoshwa kwa maji ya chumvi, mradi maji yawe yamechemshwa na kupoa. Na kama ana tabia ya kumeza vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, hilo lizungumzwe mapema kuliko yote, kwa sababu usingizi wake hauishii kitandani, unamfuata hadi kwenye usukani.

Nimeliacha nyuma jambo moja ulilolipitia haraka. Uliandika kuwa hata ukiwa peke yako hulali vizuri, na ukasema labda umezoea kukesha. Inawezekana, mwili hujifunza kukesha kama unavyojifunza mengine, na huchukua wiki kadhaa kusahau. Lakini usiku anapokuwa njiani chumba hakina mkoromo, mtoto amelala, na masikio yako hayana kizibo. Unasikiliza nini? Mimi nadhani unamsikiliza yeye, huko Sekenke, akipanda mlima saa nane za usiku. Kama ndivyo, basi hakuna kizibo kitakachokutosha, wala chumba cha peke yako hakitakutosha, na yeye hajui kuwa ndivyo ilivyo.

Akirudi safari hii, mwache kwanza alale, hata kama ni kwenye kochi. Mazungumzo ya usiku kwa watu wawili wasiolala huharibika haraka. Subiri mchana, watoto wakiwa shule, mkiwa na chai. Usianze na mkoromo, wala hospitali, wala utingo. Mweleze usiku wako unavyokuwa yeye akiwa barabarani. Kisha, ukipata nafasi, niandikie tena unieleze alikujibu nini.

Wako,
Mama Mshauri